Mikono Miwili Isiyongojeana: "Désordre" ya Ligeti na Ilimba ya Wagogo

 

Kipande mlichokisikia hivi punde kimechukua kama dakika mbili na nusu. Nilikuwa nikiwatazama nyuso kilipokuwa kikipigwa. Wengi mlikunja uso. Kijana mmoja hapa mbele aliitazama spika kama mtu anayedhani imeharibika. Lakini mama mmoja, ambaye sitamtaja kwa kuwa sikumwomba ruhusa, alikuwa akitikisa bega la kushoto, kidogo tu, na bega lile lilikuwa likifuata kitu. Mhadhara wangu wa leo unatoka begani kwa mama yule.

Kipande chenyewe kinaitwa "Désordre". Ni neno la Kifaransa, nasi tungesema vurugu. Aliyekitunga ni György Ligeti, na alikikamilisha mwaka 1985. Ndicho cha kwanza katika mfululizo wa vipande vya mazoezi ya piano, Études, alioendelea kuutunga hadi mwaka 2001, vikafika vipande 18 katika vitabu vitatu. Vipande vya namna hii kazi yake ya awali ilikuwa kunyoosha vidole vya mwanafunzi, kama vile mchezaji mpira anavyozungushwa uwanjani kabla ya mechi. Chopin akaja akavipa roho, Debussy akafuata, na Ligeti akawafuata wote wawili akiwa mtu mzima wa miaka zaidi ya 60. Yeye mwenyewe alisema chanzo cha vipande hivi kilikuwa upungufu wa vidole vyake: alianza piano akiwa na miaka 14, umri ambao wenzake walikwisha kuwa mafundi, na hamu ya kupiga asichoweza kupiga haikumtoka maisha yake yote.

Ninachotaka kuwaonyesha ni kwamba ndani ya "Vurugu" hii hakuna vurugu. Kuna hesabu kali, na hesabu yenyewe inafanana mno na kazi ya mikono ya mpiga ilimba, ile marimba ya mkono ya Wagogo. Kwa hiyo msikilizaji aliyelelewa Bahi, Mvumi au Chamwino ana mlango wa kuingilia kipande hiki, na mlango huo uko nyumbani kwake. Nasema hivi nikijua kwamba tumezoea kuambiwa muziki wa aina hii ni wa wasomi wa Ulaya, sisi tukae pembeni tupige makofi ukiisha.

Nianze na mtu mwenyewe, kwa ufupi. Ligeti alizaliwa mwaka 1923 huko Transylvania, nchi ambayo leo ni sehemu ya Romania, katika familia ya Kiyahudi iliyozungumza Kihungaria. Vita Kuu ya Pili ilimchukulia baba yake na mdogo wake; wote wawili walifia kwenye kambi za Wanazi. Yeye akapona. Mwaka 1956, mapinduzi ya Hungary yalipozimwa kwa vifaru vya Kisovieti, alitoroka akavuka mpaka kuingia Austria. Alifariki Vienna mwaka 2006.

Sasa mwaka 1982 ndio unaotuhusu. Mwanafunzi wake mmoja kutoka Puerto Rico, Roberto Sierra, alimletea santuri iliyorekodiwa na Simha Arom katika Jamhuri ya Afrika ya Kati. Ndani yake kulikuwa na Wabanda-Linda wakipiga baragumu zao. Kila mpigaji ana baragumu moja, na baragumu hiyo ina noti yake moja. Peke yake ni mtu anayepuliza noti ileile na kunyamaza, kupuliza na kunyamaza. Wakikusanyika, wimbo unatokea kati yao, wimbo ambao hakuna hata mmoja wao anayeupiga. Ligeti alisikiliza santuri ile tena na tena. Baadaye alikutana na Arom, na kitabu kikubwa cha Arom juu ya muziki ule kilipotafsiriwa kwa Kiingereza, Ligeti alikiandikia dibaji.

Lakini kuna njia nyingine iliyomfikisha Ligeti kwetu, na hii inapita karibu zaidi na hapa Dodoma. Mwishoni mwa mwaka 1959 kijana wa Vienna, Gerhard Kubik, alifika Kampala. Pale Uganda Museum alimkuta Evaristo Muyinda, fundi mkubwa wa muziki wa Kiganda, naye akamwomba amfundishe. Muyinda alimweka mbele ya amadinda, ile marimba kubwa ya magogo 12. Wapigaji wanakaa wakitazamana. Wa kwanza anapiga sehemu iitwayo okunaga, wa pili anaingiza okwawula katikati ya mapigo ya mwenzake, na wa tatu, mwenye okukoonera, anafuata noti za chini tu anazozisikia zikitoka katika msukosuko ule.

Wanawake wawili wanaotwanga kwenye kinu kimoja watanielewa haraka kuliko mwanafunzi wa chuo. Mchi wa huyu ukipanda, wa yule unashuka. Hakuna anayesema "sasa zamu yako". Mdundo anaousikia jirani aliye nje ya ua ni wa haraka mara mbili ya mkono wa yeyote kati yao. Amadinda ni kinu hicho, ila kila kishindo kina sauti yake, na sikio la msikilizaji linazikusanya sauti zilizo karibukaribu na kuzifanya wimbo. Kubik aliliandikia jambo hili makala mwaka 1962, na Ligeti alikuja kuzijua kazi zake vizuri. Tusipuuze mpangilio wa mambo hapa: mwalimu alikuwa Mganda, mwanafunzi alikuwa wa Vienna, na aliyenufaika zaidi ya miaka 20 baadaye alikuwa mtunzi ambaye ulimwengu wa muziki wa Ulaya ulikwisha kumhesabu miongoni mwa wakubwa wake.

Turudi kwenye "Désordre" na tuifungue.

Piano ina vibonyezo vyeupe na vyeusi. Ukichukua oktava moja, vyeupe ni 7 na vyeusi ni 5. Ligeti ameupa mkono wa kulia vyeupe peke yake, na wa kushoto vyeusi peke yake, tangu mwanzo hadi mwisho. Hakuna noti hata moja ambayo mikono hii miwili inachangia. Mkono wa kushoto kwa hiyo una ngazi ya sauti tano, ile ambayo makabila mengi ya Afrika Mashariki yanaijua kwa namna yake. Nadhani ndiyo iliyomgusa mama yetu kwenye bega.

Mikono yote miwili inakimbia kwa mapigo madogo yanayolingana, mepesi, ya haraka sana, bila kupumzika. Juu ya mkimbio huo kuna noti chache zenye mkazo. Noti zenye mkazo zinapigwa kwa nguvu, zilizobaki zinapigwa chini chini. Sasa, wimbo uko kwenye mikazo. Mkimbio ni vumbi tu linalotimuliwa na miguu. Ukitaka kujua ng'ombe wanaelekea wapi, usilitazame vumbi.

Mikazo inahesabika hivi. Mkono wa kushoto: 3 na 5, tena 3 na 5, kisha 5 na 3, halafu 8. Jumla mapigo madogo 32. Mkono wa kulia: 3 na 5, tena 3 na 5, kisha 5 na 3, halafu 7. Jumla 31.

Mmeiona? Pigo moja. Moja tu.

Naomba tufanye jambo. Walioko upande wa dirishani wawe mkono wa kushoto, walioko upande wa mlangoni wawe wa kulia. Hesabuni kimoyomoyo, na kofi lipigwe mwanzoni mwa kila fungu tu. Duru ya kwanza hamtasikia tofauti yoyote. Makofi yote saba yataanguka pamoja kama ya mtu mmoja. (Hapa ukumbi ulipiga.) Mnaona. Duru ya pili upande wa mlangoni wanaanza pigo moja mapema, na kila kofi lao linatangulia, na la dirishani linalifuata kama mwangwi. Duru ya tatu wako mbele kwa mapigo mawili. (Hapa ukumbi ulipiga tena, na upande wa dirishani ukapotea.) Msione haya. Mmepotea kwa sababu mlianza kuwasikiliza wenzenu na kutaka kuwangojea. Mpiga piano naye anataka kungojea; mwili wake wote unamsihi angojee. Ugumu wa kipande hiki ni kuuzuia mkono usiuonee mwenzake huruma.

Halafu kuna jambo la kupanda na kushuka. Kila wimbo wa mkono wa kulia unapoisha na kuanza upya, unaanza ngazi moja juu. Wimbo wa kushoto, ambao ni mrefu kidogo, kila ukirudi unaanza ngazi mbili chini. Kwa hiyo mikono inaachana kwa njia mbili kwa wakati mmoja: kwa muda, na kwa nafasi. Mmoja unaelekea kulia kwenye sauti nyembamba, mwingine unazama kushoto kwenye sauti nene. Mafungu nayo yanafupishwa kidogo kidogo, mikazo inasongamana, hadi inafika mahali karibu kila noti ina mkazo na wimbo unazama kabisa. Hapo ndipo kijana wetu alipoitazama spika. Kisha ghafla msongamano unalegea, wimbo unarudi ukisikika wazi, na safari inaanza upya hadi mkono wa kulia unapofika ncha ya piano. Vibonyezo vikiisha, na kipande kinaisha. Hakuna akodi ya kufungia, hakuna "Amina".

Hiyo ndiyo tabia yake. Ni kipande chenye nidhamu kali ambayo matunda yake ni upweke. Wako watakaosema ni mashine inayoharibika. Mimi sisikii mashine. Nasikia watu wawili waliotoka nyumbani asubuhi moja, wakiwa na wimbo mmoja mdomoni, na mmoja wao ana hatua ndefu kidogo kuliko mwenzake. Hakuna aliyekosea, hakuna aliyegombana na mwenzie, lakini kufika jioni hawaonani.

Sasa tuje kwetu.

Nilipokuwa mtoto, mjomba wangu alikuwa na ilimba aliyoichonga mwenyewe. Wanaoiita marimba ya mkono hawakosei, ila ilimba ya Kigogo ina ukubwa na heshima yake: sanduku la mti lililochongwa likawa tupu ndani, na juu yake safu za vyuma vilivyofuliwa bapa. Vya mjomba vingine vilikuwa misumari, vingine spoku za baiskeli. Nilikuwa nakaa karibu naye nikitazama vidole gumba, kwa sababu vidole vingine vimeshika sanduku na havionekani vikifanya kitu. Sauti nene ziko katikati, nyembamba zinakwenda pembeni, pande zote mbili. Ngazi ya sauti imegawanywa kati ya vidole gumba viwili. Hakuna kidole chenye wimbo mzima. Cha kulia kina vipande vyake, cha kushoto kina vyake, na wimbo uko hewani, kati ya viganja na sikio.

Siku moja nilimwambia anipigie upande wa kulia peke yake. Alicheka, akajaribu, akashindwa. Kidole cha kulia kilikuwa kinajua kazi yake pale tu cha kushoto kilipokuwa kinafanya yake. Miaka mingi baadaye nilipoiona karatasi ya noti za "Désordre", mkono huu vyeupe, mkono ule vyeusi, nilimkumbuka mjomba kabla sijamkumbuka mwalimu yeyote wa muziki.

Na kuna hili ambalo sijui kulieleza bila kuwapitishia chombo mkononi. Kwenye ilimba kubwa vipo vyuma ambavyo mpigaji havigusi kabisa. Vimekaa pale, vimekazwa vizuri, vikingoja. Jirani zake vikipigwa, vinatetemeka vyenyewe na kutoa sauti ya chini, kama watu wa nyumba ya pili wanaoitikia wimbo bila kualikwa. Kisha kwenye sanduku kuna tundu lililofunikwa kwa utando mweupe, ule wa kifuko cha mayai ya buibui, na utando huo unaipa kila noti mtetemo wa kukwaruza kidogo. Mjomba alikuwa akiubadilisha kwa mate kidogo, pumzi yake imebanwa, maana ukiugusa vibaya unachanika. Mgeni husikia kasoro. Mgogo asipousikia mtetemo huo huuliza ala inaumwa nini.

Katika kitabu hichohicho cha kwanza cha Ligeti kuna kipande cha tatu, "Touches bloquées". Humo mkono mmoja unashikilia vibonyezo vimelala kimya, na mkono mwingine unakimbia juu ya vilevile. Vidole vinavyoangukia kibonyezo kilichokwisha kulala havitoi sauti, na mashimo hayo ya ukimya ndiyo yanayofanya mdundo. Ligeti ametafuta njia ya kupiga noti isisikike. Mafundi wetu walipata njia ya kuisikia noti isiyopigwa. Sina haja ya kuwapa ushindi upande wowote. Nataka tu muone kwamba ni maswali ya ukoo mmoja.

Mtu aliyeifikisha ilimba mbali kuliko wote ni Hukwe Zawose, mtoto wa mkoa huu. Mwalimu Nyerere alimwita Dar es Salaam miaka ya 1960, akaingia kwenye kikundi cha taifa, kisha akawa nguzo ya Chuo cha Sanaa Bagamoyo, ambacho leo tunakiita TaSUBa. Alifariki Desemba 2003. Mwaka 1996 yeye na Charles Zawose walitoa albamu ya "Chibite" kupitia studio ya Real World huko Uingereza, na wasiowahi kuisikia wanafanya kosa linaloweza kurekebishwa leo jioni. Sikilizeni sauti inavyoingia mahali ambapo vidole havikutarajia. Ilimba inazunguka, haina mwanzo wala mwisho, na Zawose anaingia juu yake kama mtu anayepanda treni ambayo tayari inatembea.

Tofauti kati ya mzunguko wa Zawose na mkimbio wa Ligeti inapaswa kusemwa bila kupakwa sukari. Kwenye ilimba, na kwenye amadinda, na kwenye muheme wa akina mama zetu ambamo ngoma ndogo zinashikilia mwendo na ngoma kuu zinaukata, sehemu mbalimbali hazifanani lakini haziachani. Duru ikiisha, wote wanakutana mlangoni. Ligeti alichukua kinu chetu na mchi wetu, kisha akafanya jambo ambalo hakuna mtwangaji wa Kiafrika ambaye angelifanya: alimpunguzia mmoja pigo moja kila duru. Yeye mwenyewe alikataa kuitwa mwigaji wa ngoma za Afrika, na alikuwa na haki ya kukataa. Alijifunza namna ya kufikiri, akaipeleka mahali pake, penye historia yake na wafu wake.

Hata hivyo kuna kitu ambacho piano haikuweza kumpa.

Chukueni zeze. Guseni uzi wake kidogo, bila kuukandamiza, katikati, kisha kwenye theluthi, kisha kwenye robo, na kuendelea. Kila mara inatoka sauti ya juu zaidi, sauti ambayo ilikuwa imejificha ndani ya uzi siku zote. Hizo ndizo sauti za asili, zinazozaliwa ndani ya sauti moja nene kama mbegu ndani ya ganda. Ngazi ya Wagogo imejengwa juu ya sauti hizo: ya nne, ya tano, ya sita, ya saba, ya nane, ya tisa, hadi ya kumi. Ndiyo maana waimbaji wetu wa vijijini, ambao hawajafundishwa soprano na alto na mtu yeyote, wakiimba sauti mbili tatu zinakaa kama mawe ya mafiga. Wa pili anaruka ngazi moja chini ya wa kwanza, basi, na mlingano unajileta wenyewe.

Sauti ya saba ndiyo yenye kesi. Tukigawanya umbali kati ya kibonyezo kimoja cha piano na jirani yake katika sehemu 100, sauti ya saba ya asili iko chini ya kibonyezo kilicho karibu nayo kwa sehemu 31. Karibu theluthi nzima. Kwenye piano hakuna mahali pa kuiweka. Ukibonyeza hapa imepita, ukibonyeza pale haijafika. Ligeti alilijua tatizo hili vizuri, na kwenye kazi zake za baragumu za Ulaya aliziachia sauti za asili zitoke zilivyo. Kwenye piano alifungwa mikono. Sisi tuna watoto wa Chamwino wanaoiimba sauti ya saba bila kufikiri, wakirudi kutoka kisimani, halafu tunawaingiza kwaya na kumwambia mpiga kinanda awasahihishe.

Hapo ndipo penye jeraha langu. Nilijifunza kinanda kwenye shule moja ambayo sitaitaja. Mwalimu wangu alikuwa mtu mwema aliyefundishwa vilevile alivyonifundisha. Mkono wangu wa kushoto ulikuwa na mazoea ya ilimba: ukiachiwa kidogo, unaingia katikati ya mapigo ya mkono wa kulia. Aliupiga rula. Alisema mikono miwili ni farasi wawili wa gari moja, lazima wakanyage pamoja. Nilizoea kukanyaga pamoja. Ilinichukua miaka kuurudisha mkono ule nyumbani, na naamini haujarudi wote. Nikimsikia mtoto wa Dodoma anaambiwa leo kwamba hana mdundo kwa sababu mkono wake wa kushoto hautulii, naumia kama vile rula iko juu ya vidole vyangu.

Piano yenyewe katika mji huu ina shida zake, na nizipitie haraka. Ina vibonyezo 88 na nyuzi zaidi ya 200 zinazovuta fremu ya chuma kwa uzito wa tani nyingi, lakini roho yake ni ubao, na ubao ni mti. Hapa kwetu mvua ikikata mwezi wa nne au wa tano, hairudi hadi Novemba au Desemba. Mti unakauka, unajikunja, pini zinalegea, sauti zinashuka kila moja kwa kiasi chake. Niliwahi kuikuta piano ya zamani mwezi wa kumi, karibu na dirisha lenye jua la alasiri, ambayo noti zake za katikati zilikuwa zimejitafutia ngazi yao. Fundi alisema imekufa. Niliikalia saa nzima. Kulikuwa na noti moja, si-bemoli, iliyoteremka hadi mahali ambapo ilimba ya mjomba wangu ilikuwa na sauti yake ya saba, au karibu sana. Niliipiga polepole juu ya do nene, mara nyingi, hadi mlinzi akaja kuniuliza kama kuna tatizo.

Kwa hiyo nina ombi, na ninalielekeza kwa vijana wenye kompyuta na vinanda vya umeme. Ghana walikuwa na Kwabena Nketia, aliyezaliwa mwaka 1921 na kufariki mwaka 2019, ambaye aliandika vipande vifupi vya piano kwa ajili ya wanafunzi wa Kiafrika, ili mtoto asianze na wimbo wa mashambani wa Ujerumani. Nigeria walikuwa na Akin Euba, aliyeipa njia hiyo jina la upiano wa Kiafrika na kuitetea hadi alipofariki mwaka 2020; kwake piano ilikuwa ngoma yenye vibonyezo, ikipigwa na kuzungumza. Sisi tuna rekodi ambazo Hugh Tracey alizifanya kwa Wagogo mwaka 1950. Tuna Tamasha la Muziki wa Cigogo linalokusanya vikundi vya vijiji pale Chamwino. Tuna Dkt. Kedmon Mapana, mtoto wa Nzali, aliyeusomea muziki wa kwao hadi shahada ya uzamivu na kuliongoza Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA. Kinanda cha umeme cha bei ya kawaida siku hizi kinakubali kuteremshwa noti moja moja. Mtu aketi, aishushe sauti ya saba kwa sehemu 31, ya tano kwa 14, aandike kipande cha dakika mbili kwa mikono isiyongojeana. Kiwe kifupi. Kifupi kinasahihishika.

Nilikuwa na karatasi nyingine mbili hapa juu ya vipande vilivyobaki vya kitabu cha kwanza. Nitaziacha, kwa sababu naona heri dakika hizo tuzitumie kusikiliza tena.

Safari hii msikilize hivi. Upande wa mlangoni, shikeni mkono wa kulia peke yake, muuache wa kushoto upite. Upande wa dirishani, shikeni wa kushoto: sauti tano, vibonyezo vyeusi, kila wimbo ukirudi ngazi mbili chini. Msiogope mkimbio. Fuateni mikazo tu. Na mtakapofika pale katikati ambapo kila kitu kina mkazo na hamsikii tena wimbo wenu, msiuachie, endeleeni kuuhesabu mguuni.

Mama, wewe endelea na bega lako.

Kijana, washa.